Ziara ya Mwezi wa Rajabu

Mwaka niliorudi Ifakara kwa utafiti wa shahada yangu ya pili, mtoto wa shangazi alikuwa ameacha kumwamkia mama yake shikamoo. Ndilo jambo la kwanza nililoliona, hata begi sijalifungua. Aliingia kutoka shambani, akaegemeza jembe ukutani, akasema, "Asalaam aleikum," akapita. Shangazi aliitikia kama inavyopasa, lakini akaendelea kuuangalia mgongo wa mwanawe mpaka ulipopotelea nyuma ya pazia.

"Anasema shikamoo haimo katika dini," aliniambia baadaye tukichambua mchicha. "Eti maana yake nashika miguu yako, na binadamu hashikwi miguu. Nikamwambia, baba, miguu yangu hujawahi kuishika hata siku moja. Uliniamkia tu."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Kijana hakucheka, ingawa pazia lilikuwa jepesi na alikuwa anatusikia.

Baba yangu, kaka wa shangazi huyo, ni Mndamba na Mwislamu. Mama yangu ni Mpogoro wa Mahenge, Mkatoliki, aliyeolewa na baba na hakuacha kwenda misa. Kwetu hilo halikuwa ajabu. Waislamu katika bonde lile ni wachache, na sisi watoto tuliokwenda chuo cha Kurani asubuhi tuliamshwa na kengele ya kanisa. Kwa hiyo profesa aliyenisimamia aliponiambia, "Usiniletee vilivyomo vitabuni kuhusu Uislamu, vipo tayari. Niletee watu. Dini hii waliipata kwa nani, wakaichanganya na nini, na leo wanaigombania vipi," sikuhangaika kutafuta mahali. Nilikumbuka kaburi.

Kaburi lenyewe lilikuwa nje ya mji, katikati ya majaruba ya mpunga kuelekea mtoni. Tuta la udongo lililopakwa chokaa, na bendera nyeupe zilizofungwa kwenye mianzi. Kila mwezi wa Rajabu tulikwenda ziara. Wanawake walitangulia na dufu, wakiimba kasida ambazo mwisho wa kila ubeti ziligeuka Kindamba na kuwa maombi ya mvua. Majirani Wakatoliki walileta kuni na ndizi, wakasaidia kupika pilau, wakakaa pembeni na kuitikia walipoweza. Sote tulijua aliyelala pale ni sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, aliyetoka Uarabuni. Mjukuu wake ndiye alikuwa mtunzaji wa kaburi, mzee mkali aliyeuza samaki wa kukausha sokoni. Alikaa nyuma ya meza ya kambale na kitoga, na watu wazima waliinama kumbusu mkono wenye magamba.

Shangazi alikuwa kiongozi wa wanawake wa dufu. Baba yake, babu yangu, alikuwa mwanafunzi wa shehe mwenyewe aliyelala pale. Kwa hiyo nilianza na yeye.

"Kwanza zima hiyo simu," alisema.

Nikaizima. Tulikuwa ukumbini mchana, mvua imetoka kukatika na maji yanadondoka kwenye ndoo. Akanihadithia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza jinsi ya kuloweka mihogo. Shehe hakutoka Uarabuni. Alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa pwani, akakulia katika nyumba ya bwana wake akichota maji. Kurani aliisikia akiwa amesimama mlangoni na mtungi kichwani, mpaka ikamkaa. Alirudi akiwa mpagazi kwenye msafara, na baada ya Vita vya Maji Maji akabaki.

"Watu walikuwa wamekwisha," shangazi alisema. "Waliouawa, na waliokufa njaa. Maiti ziko mashambani, hakuna wa kuzizika, simba wanaingia mpaka majumbani. Akaja yeye na juzuu moja na dufu. Hakuhubiri. Alikuwa anaosha maiti na kuzika. Anazika yeyote. Waliobaki wakamuuliza, hayo maneno unayosema juu ya shimo ni ya nani? Ndivyo dini ilivyoingia huku, mwanangu. Iliingia kwa kuzika."

Mtu akitafuta historia ya jambo kwa muda mrefu, siku inapomjia huja na furaha ambayo hawezi kuificha.

"Sasa kwa nini tunaambiwa alikuwa sharifu?"

"Ungemwambia nani kwamba unamfuata mtumwa?" alisema. "Mwenyewe aliwakataza wasiseme. Baba yangu aliniambia mimi tu, kwa sababu nilirithi dufu."

Ndipo pazia lilipofunguka. Nilidhani mtoto wa shangazi ameshakwenda shambani, kumbe alikuwa amejilaza, ana homa. Akaja mtungini, akachota maji, akanywa taratibu. Uso wake ulikuwa mkunjufu, uso wa mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitafuta, na furaha yangu yote ikaniingia baridi.

Siku chache baadaye nilikwenda kumwona ustadhi mpya wa msikiti wetu. Vijana wa kitongoji, wale wa suruali zinazoishia juu ya vifundo, walikuwa wote kwake, na mtoto wa shangazi alikuwa mbele yao. Nilitarajia mtu wa kufoka. Nikamkuta kijana mpole, aliyesoma nje kwa miaka mingi, ana sauti ya chini. Alinipokea barazani mlango ukiwa wazi, macho yake kwenye mkeka.

"Nasikia umepata habari za yule wa kaburini," alisema hata kabla sijauliza chochote.

Nikalifunga daftari langu.

"Usiogope, dada yangu. Ukweli hauna ubaya. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu hapa, kaburi halisikii, na mnayoyafanya pale ni uzushi. Wananiambia, huyo ni mjukuu wa Mtume. Sasa tunajua siye."

"Lakini alikuwa shehe," nilisema. "Yeye ndiye aliyeleta dini hapa. Kasida, dufu, ziara, vyote vina historia. Mimi ndicho ninachosoma, namna watu wa hapa walivyoufanya Uislamu ukawa wao."

Alifikiri. Sidhani kama alikuwa ananidharau. "Dini haina historia, dada yangu. Watu ndio wenye historia. Ukichanganya hayo mawili, utaandika kitabu kizuri sana kuhusu makosa."

Nilipomweleza shangazi maneno hayo jioni ile, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Wewe unatafuta ilikotoka, yeye anatafuta ilikokosea," alisema. "Nyote wawili mnachimba."

Ijumaa, hotuba ikawa juu ya makaburi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya turubai. Ustadhi hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba wapo watu wanaoliomba kaburi la mtu ambaye hata asili yake haijulikani, na wanaoijua wanaificha. Upande wa wanaume ukapita mnong'ono mrefu kama upepo kwenye mpunga uliokomaa. Walipotoka, mtunzaji wa kaburi hakumpa mkono mtu yeyote.

Alikuja nyumbani kwa shangazi siku hiyo hiyo. Alikataa kiti.

"Dada yangu, umenivua nguo sokoni," alisema.

"Sikusema sokoni. Nilisema nyumbani kwangu."

"Kwa nani?"

Shangazi hakunitazama, na hakulitazama pazia. "Kwa nafsi yangu," alisema. "Na kama babu yako alikuwa mtumwa, kwani Mungu alimkataa? Mimi ningeona fahari."

Mzee akasogea mlangoni. "Wewe ungeona fahari kwa sababu si wako." Akageuka kwangu. "Na wewe, binti. Nani amekutuma?"

Swali hilo nililisikia tena na tena tangu siku ile. Mwenyekiti wa kitongoji aliniuliza kwa heshima huku akisoma barua yangu ya chuo mara mbili. Mama muuza maandazi aliniuliza huku akiangalia barabarani. Wengine walisema nimetumwa na serikali kuandika majina ya Waislamu, wengine wakasema nimetumwa na Wazungu, wengine na vijana wa ustadhi. Watu wawili niliokuwa nimepanga kuzungumza nao katika kijiji cha Kisawasawa walinipigia kuniambia wana msiba. Nilipouliza msiba wa nani, simu zikakatika. Mama yangu alinipigia pia. Alikuwa amesikia kanisani.

"Rudi Dar es Salaam," alisema. "Hilo jambo limeshakuwa kubwa kuliko shule."

Nikamwambia nitarudi baada ya ziara.

Rajabu iliingia mvua zikiwa nzito. Asubuhi moja shangazi alifungua mlango akakuta bendera nyeupe ya kaburini imefungwa kwenye komeo. Ilikuwa imelowa, na imefungwa vizuri, kwa fundo la kubana. Tukasimama tukiiangalia. Hatukujua ni ya upande gani. Ingeweza kuwa vijana wanamwambia, hili limekwisha. Ingeweza kuwa ndugu za mtunzaji wanamwambia, kaburi sasa ni lako, na litakalolipata litakupata. Shangazi akaifungua, akaifua, akaianika kwenye kamba kama nguo nyingine yoyote.

"Tuahirishe," nilisema.

"Nikiahirisha mwaka huu, imekufa."

Mtoto wake alikuwa anapiga mswaki uani. Akasema kwa upole, "Mama, msiende. Nakuomba."

"Unaniomba au unaniambia?"

Akatema maji, akaingia ndani.

Siku ya ziara tulitoka baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake wa dufu walikuwa nusu ya walivyokuwa zamani. Majirani Wakatoliki walikuja, lakini bila watoto. Nyuma yetu alikuja mtunzaji na wanaume wa ukoo wake, na wengi wao walikuwa na mapanga. Mapanga si ajabu kwetu, njia ya mashambani huwezi kwenda bila panga wakati wa masika. Siku hiyo lakini hakuna aliyefyeka chochote. Tulipita njia nyembamba ya juu ya kingo za majaruba, maji pande zote, na nyimbo zilikuwa zinatoka nusu nusu.

Tulipofika, wale wa mbele waliacha kuimba.

Kaburi halikuwepo.

Sisemi lilibomolewa. Kubomoa huacha vipande. Pale hapakuwa na kipande cha chokaa, wala mwanzi, wala alama ya tuta. Udongo ulikuwa umesawazishwa, ukaingizwa maji, ukakandwa mpaka ukawa tope laini, na juu yake umepandwa mpunga. Miche mibichi, mistari imenyooka, inatikisika kidogo kwa upepo. Mtu asiyelijua bonde lile angepita na kusema, shamba zuri hili. Jaruba lile lilikuwa limeungana na majaruba ya jirani, na mwanzoni hata sisi tuliozaliwa pale hatukuweza kukubaliana kichwa cha shehe kilikuwa upande gani.

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya juu. Mtunzaji aliingia majini na viatu vyake, akazunguka, akazunguka, akipapasa matope kwa mikono kama mtu aliyeangusha pete.

Shangazi naye aliingia. Aliinama, akang'oa mche mmoja, akauosha mizizi, akauangalia kwenye shina la chini. Nilikuwa karibu yake. Chini ya ule ukijani palikuwa na wekundu wa zambarau, mwembamba kama uzi. Watu wote kule kwetu siku hizi wanapanda supa, na miche ya supa ni kijani mpaka chini. Mbegu yenye shina la zambarau ni ya zamani, nilikuwa nimeikuta kwenye kitalu kimoja tu, nyuma ya choo cha shangazi, kwa sababu aliirithi kwa mama yake na alikataa kuiacha. Nilikumbuka kwamba tangu juzi kitalu kile kilikuwa tupu upande mmoja. Nilikuwa nimedhani kijana amehamishia shambani kwao.

Aliniangalia. Nikaona anajua kwamba najua.

"Nani kafanya hivi?" Mtunzaji alikuwa amesimama, matope mpaka mapajani. Wanaume wake walikuwa wameshuka kingo, wametuzunguka. "Huyu kapanda. Aliyepanda ana kitalu. Mwenye kitalu anajulikana. Dada, umeshika nini mkononi? Hiyo mbegu ya nani?"

Mapanga yalikuwa yameinuliwa kidogo tu, kiasi cha mtu kuyatoa kwenye maji.

"Mpunga ni mpunga," shangazi alisema. "Miche inauzwa kila mahali wakati huu."

Akaufunga mche kiganjani, akaurudisha matopeni, akaukandamiza kwa kidole gumba pale pale alipoutoa. Halafu akachukua dufu kwa mwanamke aliyekuwa karibu na kuanza kasida. Sauti ilikatika mwanzo, ikarudi. Aliimba akiwa amesimama ndani ya lile jaruba, maji kwenye vifundo, na polepole wengine wakaitikia, kwanza majirani Wakatoliki, ambao hawakuwa na upande, halafu wanawake, mwisho wanaume wawili watatu. Mtunzaji hakuitikia. Aliendelea kuitazama miche. Mzee yule maisha yake yote alikuwa mtu wa samaki, hakuwa mtu wa mpunga, na ninaamini hilo ndilo lililomwokoa mtoto wa shangazi siku ile. Mimi niliimba nao.

Ustadhi alikuja nyumbani kabla ya magharibi, peke yake. Alikuwa amepauka. Alimwapia shangazi kwamba hakutuma mtu, kwamba alisema kwa ulimi tu, kwamba kusawazisha kaburi bila idhini nako ni kosa katika dini. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua hukutuma," alimwambia. "Ulifundisha tu."

Alipoondoka, kijana akatoka chumbani. Shangazi alikuwa amepakua wali na kambale, akaweka sahani tatu. Tukala. Chakula kilikuwa kizuri.

"Mama, nimekuokoa na moto," alisema.

"Mpunga ule atavuna nani?"

Kijana akaacha kutafuna.

"Nakuuliza. Ulipopanda, ulifikiri atavuna nani? Maana siku ndugu za mtunzaji watakayomwona mtu na mundu pale, watajua ndiye aliyepanda. Wamekwisha kuliamua hilo. Wameniambia njiani wakati wa kurudi."

"Basi usivunwe."

"Mbegu ya bibi yako," shangazi alisema. Aliondoa sahani akaenda kuziosha, na kijana akabaki ameuangalia mkeka. Alikuwa na umri wa kuoa, mikono mikubwa ya mkulima, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona ameogopa.

Aliondoka kwa treni ya kuelekea Mlimba, na kutoka huko akaenda Masagati kwa rafiki anayelima. Watu waliambiwa amepata shamba la kukodi. Mimi nilirudi chuoni. Profesa aliniomba picha ya kaburi, nikampa picha ya jaruba. Aliishika muda mrefu, akauliza kama nimekosea. Katika tasnifu niliandika juu ya shehe kwa uangalifu, bila kutaja kitongoji, na niliandika kwamba kaburi lake limepotea. Kuhusu mpunga sikuandika. Nilijiambia ni kwa sababu historia haijaisha, lakini kwa kweli ni kwa sababu karatasi husafiri, na mwenye panga naye anajua kusoma.

Msikiti ulikwisha kugawanyika. Wa zamani waliendelea kusali pale, vijana wakahamia banda la mabati upande wa pili wa barabara, ustadhi akaomba uhamisho na hakuna aliyekuja mahali pake. Mtunzaji wa kaburi alihamisha meza yake ya samaki. Aliiweka kwenye njia ya kuelekea majaruba, ambako hakuna wateja. Ndugu zake walikaa naye kwa zamu.

Mpunga ukakomaa. Shangazi alinieleza kwa simu jinsi ulivyokuwa wa dhahabu kuliko wa jirani zake wote, masuke yameinama mpaka majini, na hakuna aliyeukata. Majirani walivuna mpaka kwenye kingo zao wakaishia hapo, wakafanya haraka, bila kuimba. Jaruba lile likabaki limesimama peke yake wakati wa kiangazi, likakauka, likaanguka lenyewe. Ndege walikula kiasi chao.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza alinipigia tena. Alizungumzia mambo mengi, bei ya mbolea, goti lake, ndoa ya jirani. Halafu akasema, "Umeota."

"Nini?"

"Ule. Umejiotea wenyewe. Umejaa kuliko mwanzo."

Nikamuuliza kama mzee bado anakaa njiani. Akasema bado, na sasa wamejenga kibanda cha makuti kwa ajili ya mvua.

"Na mtoto?"

"Amepiga. Amechoka na Masagati. Anasema Ramadhani anataka kufuturu nyumbani."

"Shangazi, umemkataza?"

Kulikuwa na mvua upande wake, nikaisikia ikipiga bati.

"Ni mwanangu," alisema. "Jana nilimwanikia godoro juani."